Mary Leakey: Hakupita mtihani hata mmoja, lakini alitufunulia tulivyoanza kutembea

Kila asubuhi kuna jambo kubwa unalolifanya bila hata kulifikiria. Unatoka kitandani, unasimama kwa miguu miwili, unaondoka. Ukichelewa unakimbilia matatu stejini, mkono mmoja umeshika simu, mwingine begi, na bado huanguki. Mwangalie sokwe: anaweza kusimama na kupiga hatua chache akiyumbayumba, kisha anarudi chini kutembea kwa mikono na miguu. Wewe unaweza kutembea hivyo kutwa nzima, na kesho yake ukarudia.

Sasa jiulize: kati ya akili nyingi na miguu miwili, kipi kilitangulia? Mwanzoni mwa karne ya 20, wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kuwa kichwa ndicho kilichotangulia. Yaani babu zetu kwanza walipata ubongo mkubwa, halafu wakaamua kusimama. Ilikuwa hadithi tamu, kwa sababu inatusifu. Tatizo ni kwamba si ya kweli.

Aliyeleta ushahidi uliowanyamazisha wengi alikuwa mama mmoja aliyeishi Kenya karibu miaka 60. Hakuwa na digrii ya kusomea. Hakuwa amepita mtihani hata mmoja wa shule. Jina lake Mary Leakey. Huenda jina la Leakey umelisikia, lakini mara nyingi linalotajwa kwanza ni la mumewe Louis, au la mwanawe Richard. Leo tumzungumzie yeye.

Msichana aliyeshindwa na shule

Mary Douglas Nicol alizaliwa London, Uingereza, tarehe 6 Februari 1913. Babake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa mandhari, na kazi hiyo iliipeleka familia huku na huko: Ufaransa, Italia, Uswisi, hata Misri. Mary alikuwa mtoto wa pekee. Alirithi mambo mawili kwa babake: mkono wa kuchora na macho ya kuangalia kitu kwa makini.

Akiwa na miaka 12 hivi, familia ilikaa katika eneo la Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, mahali palipojaa mapango ya watu wa kale. Kulikuwa na mtaalamu aliyekuwa akichimba huko, na aliruhusu binti huyo apekue udongo uliokuwa umeshatupwa. Mary akaanza kuokota vipande vya mawe yaliyochongwa na kuvipanga kwa aina. Tangu hapo hakutaka kazi nyingine duniani.

Kisha mambo yakaharibika. Babake alifariki mwaka wa 1926, Mary akiwa na miaka 13. Mamake alirudi naye London na kumpeleka katika shule za watawa wa Kikatoliki. Weeh! Shule ya kwanza ilimfukuza kwa sababu alikataa kukariri mashairi mbele ya watu. Ya pili ilimfukuza baada ya kujifanya ana kifafa kwa kutafuna sabuni ili atokwe na povu, kisha akasababisha mlipuko katika maabara ya kemia. Mamake alipouliza kama kuna uwezekano wa binti huyo kuingia Chuo Kikuu cha Oxford, alishauriwa asijisumbue.

Hapa usinielewe vibaya. Hii si hadithi ya kukwambia uache shule. Mary aliacha madarasa aliyoyachukia, lakini hakuacha kusoma. Alihudhuria mihadhara ya akiolojia na jiolojia jijini London, na aliwaandikia wachimbaji barua akiomba nafasi hadi akapata. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 1930, alifanya kazi Hembury, kusini mwa Uingereza, chini ya mwanaakiolojia Dorothy Liddell. Alichimba, na alichora zana za mawe. Michoro yake ilikuwa safi kiasi kwamba wataalamu wengine walianza kumtafuta.

Louis, kashfa na safari ya Afrika

Mmoja wa waliomtafuta alikuwa Louis Leakey. Louis alizaliwa Kabete mwaka wa 1903, mtoto wa wamishonari, akakua akizungumza Kikuyu. Walikutana mwaka wa 1933, na Louis akamwomba Mary achore picha za kitabu chake kuhusu asili ya binadamu. Michoro ikageuka mapenzi. Shida ni kwamba Louis alikuwa na mke na watoto. Kwa Uingereza ya wakati huo ilikuwa kashfa si haba, na ilimharibia Louis sifa chuoni Cambridge. Talaka ilitoka, nao wakaoana mwezi Desemba 1936. Mwezi uliofuata walikuwa njiani kuja Kenya.

Mary alishaionja Afrika Mashariki mwaka wa 1935, alipofika kwa mara ya kwanza katika bonde la Olduvai, kaskazini mwa Tanzania. Jina sahihi la Kimaasai ni Oldupai, mkonge wa porini unaoota huko. Mvua, upepo na mto vimelikata bonde hilo kama mtu aliyekata keki, na kila tabaka la udongo ni zama zake. Ukishuka chini unarudi nyuma karibu miaka milioni mbili.

Ukipita Nakuru na ukaona kibao cha Hyrax Hill, jua kwamba Mary ndiye aliyepachimba mwaka wa 1937 na 1938. Ukishuka barabara ya Magadi hadi Olorgesailie, mashoka ya mawe yaliyotapakaa pale alianza kuyachimba yeye na Louis wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka wa 1948, katika kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Victoria, Mary alipata fuvu la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi karibu miaka milioni 18 iliyopita. Wakati huo wote alikuwa akilea. Alizaa wana watatu, Jonathan, Richard na Philip. Binti yake, Deborah, alifariki akiwa mchanga.

Kisha ikafika tarehe 17 Julai 1959. Wako Olduvai, Louis ana homa, amelala kambini. Mary anatoka na mbwa wake wa aina ya Dalmatian, wale weupe wenye madoa meusi, ambao hakuachana nao maisha yake yote. Anatembea polepole, macho chini. Anaona mfupa unatokeza ardhini, halafu meno mawili makubwa. Walichimba vipande zaidi ya 400, na Mary akaketi kuviunganisha kimoja kimoja hadi fuvu likasimama. Louis alilipa jina Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliliita eneo la pwani yetu. Lilikuwa na umri wa karibu miaka milioni 1.75.

Fuvu hilo lilibadilisha kila kitu. Pesa za utafiti zilianza kumiminika, na dunia ikageuza shingo kuangalia Afrika Mashariki. Louis ndiye aliyesafiri kutoa hotuba na kupigwa picha. Mary alibaki bondeni akichimba. Mwaka uliofuata, Olduvai ilitoa mifupa ya mguu mmoja wa kushoto, ya kiumbe aliyeishi karibu miaka milioni 1.8 iliyopita. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala sambamba na vingine kama chako, si kimechepuka kama cha sokwe. Huo ulikuwa mguu wa kutembelea, si wa kupandia miti tu.

Vita vya kinyesi cha ndovu

Miaka ya sitini ilipofika mwisho, ndoa ya Mary na Louis ilikuwa imepoa. Louis alikuwa safarini kila mara. Mary alihamia Olduvai kabisa, akiishi kambini na mbwa wake, sigara zake kubwa na wafanyakazi wake, wengi wao Wakamba kutoka Kenya waliokuwa na jicho kali la kuona mfupa kuliko profesa yeyote. Mwaka wa 1968, Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini kilitaka kumpa shahada ya heshima. Aliikataa kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa apartheid. Mwanamke asiye na cheti cha shule, anakataa digrii ya bure. Si mchezo.

Louis alifariki mwaka wa 1972. Wengi wangedhani hadithi imeisha. Kumbe kazi kubwa kabisa ya Mary ilikuwa mbele.

Mwaka wa 1974 alianza kuchimba Laetoli, umbali wa kilomita 45 hivi kusini mwa Olduvai. Udongo wa huko ni wa zamani zaidi, zaidi ya miaka milioni 3.5. Mwaka huohuo mmoja wa wachimbaji wake, Maundu Muluila, alipata taya la chini lenye meno, la kiumbe aliyekuwa akielekea kuwa kama sisi. Kumbuka taya hilo, tutalirudia.

Kisha mwaka wa 1976 wakaja wageni. Jioni moja baadhi ya wanasayansi wale, watu wazima wenye shahada zao, walianza kurushiana kinyesi kikavu cha ndovu kama watoto. Mmoja wao, Andrew Hill, alijitupa chini akikwepa. Alipoangalia ardhi karibu na uso wake, aliona vijishimo vilivyokaa kama nyayo za wanyama. Zilikuwa nyayo kweli, zimegeuka jiwe.

Hebu nikueleze ilivyowezekana. Karibu miaka milioni 3.6 iliyopita, volkano ya karibu, inayodhaniwa kuwa Sadiman, ilimwaga majivu laini juu ya tambarare. Mvua nyepesi ikanyesha, majivu yakawa kama saruji mbichi. Wanyama wakapita: ndovu, twiga, sungura, ndege. Jua likakausha, majivu yakawa magumu, kisha volkano ikamwaga mengine juu na kufunika yote. Unajua mtu anavyokanyaga saruji mbichi mbele ya duka na alama inabaki miaka? Ni hivyohivyo, isipokuwa hii ilibaki miaka milioni.

Mwaka wa 1978, mwanakemia Paul Abell, aliyekuwa kwenye kikosi hicho, aliona alama moja iliyofanana na kisigino cha mtu. Kazi ya kufukua ilipewa Ndibo Mbuika. Alifukua akakuta nyingine, na nyingine. Mwishowe ikatokea njia ya urefu wa mita 27 hivi, yenye nyayo kama 70. Wawili walitembea sambamba, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, na wa tatu alionekana kukanyaga ndani ya nyayo za yule mkubwa.

Mary alipiga magoti na kuzikagua moja moja. Kisigino kilitua kwanza kwa nguvu. Uzito ukapita pembeni mwa wayo, mwisho vidole vikasukuma. Kidole gumba kilikuwa mbele pamoja na vingine. Kulikuwa na uvungu wa wayo, ule unaouona ukitoka bafuni na mguu wenye maji. Hakukuwa na alama ya mikono hata moja. Hawa walikuwa wakitembea kwa miguu miwili, bila haraka, kama watu wanaovuka uwanja.

Sasa weka hilo kando ya mambo mengine. Mifupa ya viumbe wa zama hizo inaonyesha ubongo usiozidi sana ule wa sokwe. Zana za mawe hazikuonekana Laetoli kwenye tabaka hilo, na hata leo, zana za zamani zaidi zinazojulikana, zile za Lomekwi huko Turkana, zina umri wa miaka milioni 3.3, yaani zilikuja baadaye. Tayari mifupa ya Lucy, iliyopatikana Ethiopia mwaka wa 1974, ilikuwa imeashiria jambo hilo. Lakini mfupa unaweza kubishaniwa. Unyayo ni mtu aliyekanyaga, akapita. Miguu ilitangulia, kichwa kikafuata.

Kwa Mary, maana yake ilikuwa wazi: ukisimama kwa miwili, mikono inabaki huru. Mkono ulio huru unabeba chakula, unabeba mtoto, na siku moja unachonga jiwe. Kwa nini hasa babu zetu walisimama, hilo wasomi bado wanalibishania. Wapo wanaosema kutembea kwa miwili kunatumia nguvu kidogo, wapo wanaosema ni kwa ajili ya kubeba.

Ugomvi wa jina

Usidhani sayansi ni watu wapole wenye makoti meupe. Mwaka huohuo wa 1978, kwenye mkutano nchini Uswidi, Mmarekani Donald Johanson, aliyempata Lucy, alitangaza jina la jamii mpya: Australopithecus afarensis. Mfupa aliouchagua kuwa kielelezo cha jina hilo haukuwa wa Lucy. Ulikuwa lile taya la Laetoli alilolipata Maundu Muluila. Mary alikuwa ukumbini, na bado hajatoa hotuba yake. Alikasirika sana. Kwake, mifupa ya Tanzania na ya Ethiopia ilikuwa imetengana mno kwa umbali na kwa miaka kuchanganywa hivyo, na jina lenyewe la Australopithecus hakulitaka. Aliagiza jina lake liondolewe kwenye makala ambayo wangeandika pamoja.

Nikwambie ukweli: wasomi wengi leo wanakubaliana na Johanson kuhusu jina. Mary hakushinda kila kitu. Lakini angalia alichokuwa akikipigania. Alitaka kitu kielezwe kikamilifu kwanza, kichorwe, kipimwe, ndipo mtu atoe jina na nadharia. Nadharia, kwake, huja na kuondoka. Kilichochimbwa vizuri hubaki.

Halafu tukaanza kukimbia

Watu wa Laetoli walitembea vizuri, ila miguu yao ilikuwa mifupi. Kukimbia masafa marefu ni hadithi ya baadaye, nayo inaturudisha nyumbani. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeanza kazi ya uchimbaji na akina Leakey huko Olduvai mwaka wa 1960, alihamia baadaye kwenye kikosi cha Richard, mwana wa Mary. Mwaka wa 1984, kando ya mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya aliona kipande kidogo cha fuvu. Kikazaa mifupa ya karibu mwili mzima wa mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 160, na miguu mirefu kama yako.

Mwaka wa 2004, wanasayansi wawili wa Marekani, Dennis Bramble na Daniel Lieberman, walitoa hoja kwamba mwili wetu una alama za kukimbia, si kutembea tu. Gusa nyuma ya kisigino chako. Kano ile nene hufanya kazi kama springi, na huitumii sana ukitembea. Makalio makubwa hukuzuia kuanguka mbele ukikimbia. Ngozi isiyo na manyoya, yenye jasho jingi, hukupoza juani wakati swara amesimama akihema. Si kila msomi anakubali kwamba tuliumbika hivyo kwa ajili ya kukimbiza mawindo. Na usije ukasema ndiyo sababu Wakenya hushinda marathoni, maana mwili huo ni wa binadamu wote, hata yule anayehema akipanda ngazi hadi orofa ya tatu.

Tulilipa pia. Mgongo ulioundwa kwa miguu minne unabeba uzito wote ukiwa wima, ndiyo maana unauma. Na nyonga zilizobanwa kwa ajili ya kutembea ni moja ya sababu kujifungua kwa binadamu ni kugumu.

Zilizofunikwa tena

Mary aliondoka Olduvai mwanzoni mwa miaka ya themanini, akiwa amepoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto, akahamia Langata, Nairobi. Aliandika kumbukumbu za maisha yake. Oxford, kile chuo kilichomwambia mamake asijisumbue, kilimtunuku shahada ya heshima.

Nyayo za Laetoli zilikuwa zimefunikwa kwa udongo ili zisiharibike. Lakini udongo huo ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, na mizizi ikaanza kuzitafuta nyayo. Katika miaka ya tisini Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Getty ya Marekani zilizifukua, zikaondoa mizizi, zikazifunika upya kwa uangalifu zaidi. Mary alirudi akaziona tena. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, akiwa na miaka 83.

Ardhi ile haijamaliza kusema. Mwaka wa 2016, watafiti wa Tanzania na Italia walitangaza nyayo za watu wengine wawili karibu na zile za Mary. Mwaka wa 2021, utafiti mpya ulionyesha kuwa nyayo nyingine zilizoonekana huko tangu 1976, zilizowahi kudhaniwa za dubu, ni za kiumbe aliyetembea kwa miwili, na huenda ni wa jamii tofauti. Maana yake, huenda aina mbili zilipita kwenye majivu yaleyale.

Watatu wale wa kwanza hatujui majina yao, wala walikuwa wakienda wapi. Lakini ukishuka matatu leo, kisigino chako kitatua kwanza, uzito utapita pembeni mwa wayo, kisha vidole vitasukuma. Ni mwendo uleule ambao Mary aliupigia magoti Laetoli.